Kwa nini wanaoishi jirani na mtambo wa nyuklia wanautetea, na ambao hata haujawafikia wanaukataa? Wana Tanga tujadili

#1 Mwana Raskazoni
Wakuu salaam.

Toka Kenya waanze ule mpango wao wa kujenga mtambo wa nyuklia kule Uyombo, Kilifi nimekuwa nafuatilia, kuna kitu kinanisumbua. Afrika Kusini wana mtambo unaitwa Koeberg, uko kaskazini ya Cape Town, kilomita 30 hivi toka katikati ya mji, ndio mtambo pekee wa umeme wa nyuklia unaofanya kazi Afrika nzima na umeanza kuuza umeme 1984. Watu wamejenga pembeni yake, kuna mji unaitwa Melkbosstrand, watu wanaogelea na kuteleza kwenye mawimbi huku mtambo wanauona. Sasa njoo Uyombo, Kilifi. Hakuna hata tofali moja lililowekwa, lakini Mei 2024 wananchi waliingia barabarani mpaka wakashikana na polisi, hawataki kuusikia.

Sasa nani anajua zaidi hapo, aliyekaa nao miaka 40 au ambaye hajawahi kuuona?

Sisi Tanga hatujaletewa na sijasikia popote kwamba kuna mpango huo. Lakini urani ipo Namtumbo kule Ruvuma, bahari tunayo, bandari tunayo. Siku wakisema watafute eneo la pwani mnadhani wataangalia wapi? Bora tuongee sasa hivi kabla hatujaitwa kwenye mkutano wa hadhara saa nne asubuhi tukapewa soda na karatasi ya kusaini mahudhurio.

#2 Chapa Mkonge
Jibu jepesi mkuu, hela. Wenzetu mtambo unalipa kodi pale pale ulipo, halmashauri inapata, shule inapata, zimamoto inapata. Mzazi ambaye shule ya mwanae imejengwa na kodi ya mtambo atauchukia vipi?

#3 Barabara ya Kumi
Hela gani mtu afie? Fukushima wamekufa maelfu kwa mionzi, Chernobyl ilikuwa bomu la atomiki kabisa lililipuka. Na hiyo Koeberg nasikia inatoa megawati 4,000 halafu bado Afrika Kusini wanakaa gizani. Nyuklia kwangu HAPANA.

#4 Injinia wa Pongwe
@Barabara ya Kumi punguza spidi kaka, twende moja moja maana hapa watu wanasoma na kubeba.

Koeberg ina vinu viwili, jumla ni megawati 1,900 na kitu. Bwawa la Nyerere peke yake ni 2,115.

Chernobyl, tarehe 26 Aprili 1986, haikuwa bomu la atomiki. Ilikuwa kinu kilichowatoka mkononi wakati wa jaribio, mvuke ukajaa ukapasua, kikawaka moto, na hakikuwa na jengo zito la zege la kuzuia mionzi kama vinu vingi vya leo. Mji wa Pripyat ulihamishwa kesho yake, watu karibu 49,000, hawajarudi mpaka leo.

Fukushima, tarehe 11 Machi 2011, waliokufa na kupotea kama elfu 18 walichukuliwa na tetemeko na tsunami. Kwa mionzi yenyewe serikali ya Japani imetambua kifo kimoja, ilisema hivyo 2018. Lakini usifurahi upesi, maana zaidi ya watu 2,000 wamehesabiwa kufa kwa sababu ya kuhamishwa: wazee walitolewa hospitali usiku, wagonjwa wakakatiwa dawa, watu wakakaa kambini mpaka roho zikachoka. Kwa hiyo uhamishaji ulidhuru watu wengi kuliko mionzi, hilo ndilo la kuliogopa kama halijapangwa vizuri.

#5 Bi Mwani
Asanteni kwa mada. Mimi ni mkulima wa mwani huku Mkinga, naomba kuuliza kitu kimoja tu. Huo mtambo unatumia maji ya bahari kufanya nini, na yakishatumika yanakwenda wapi?

#6 Shemeji wa Watamu
Mke wangu kwao ni upande wa Kilifi na hili la Uyombo nalijua kwa karibu. Watu wanalisema kama vile wale hawajasoma, si kweli. Uyombo imekaa pembeni ya Mida Creek, kuna mikoko, samaki wanazaliana mle, kaskazini kuna hifadhi ya bahari ya Watamu iliyoanzishwa 1968, nyuma msitu wa Arabuko Sokoke. Wale watu wanakula kwa mambo mawili, uvuvi na wageni. Mgeni wa Kitaliano akisikia tu pana mtambo wa nyuklia pale anabadilisha tiketi anakwenda kwingine, hata kama hakuna mionzi hata chembe. Kwa hiyo hasara ya jina inawafika kabla hata ya mtambo kuwashwa. Hiyo mtaalamu haweki kwenye hesabu zake.

Na jingine, ardhi. Wengi hawana hati, wamerithi tu kwa babu. Sasa fidia unalipwa kwa karatasi gani?

Ninavyosikia sasa hivi macho ya serikali ya Kenya yamehamia Siaya, upande wa Ziwa Victoria.

#7 Mzee wa Deep Sea
Nimesoma wote. Mimi nimeishi Cape Town enzi zile vijana wa Tanga tunazamia meli, na hiyo Koeberg nimeiona kwa macho haya, majengo mawili ya mviringo mekundu-mekundu hivi ukiwa ufukweni. Naomba niwaambie @Mwana Raskazoni na wengine, wale wa Melkbosstrand msiwachukue kama ushahidi.

Kwanza mtambo ulijengwa wakati wa makaburu, miaka ya sabini. Mtu mweusi nchi nzima alikuwa hana kura, leo useme wananchi waliukubali? Nani aliwauliza? Wapigania uhuru wa MK, jeshi la ANC, waliutega mabomu Desemba 1982 kabla haujawashwa, wakauchelewesha, na hawakuua mtu. Hiyo haionyeshi kama jamii nzima ilikuwa inashangilia.

Pili waliopo pale karibu leo wengi wamehamia wakati mtambo upo tayari. Anayeogopa hakununua nyumba pale. Anayenunua ni yule ambaye haogopi, halafu wewe unakwenda kumuuliza unaogopa? Lazima atasema haogopi.

#8 Chapa Mkonge
Mzee hapo namba 7 umenigonga kichwani. Kumbe nawe ulizamia, hukuwahi kutusimulia hapa baraza la Ngamiani.

#9 Mzee wa Deep Sea
Hizo simulizi ni za kahawa, siyo za humu. Lipa kahawa utasikia.

#10 Mwana Raskazoni
Mzee shikamoo. Hoja ya waliohamia baadaye naikubali, ina nguvu. Lakini kuna kitu unaacha. Pale wana utaratibu wa dharura unaojulikana, duara la kilomita 5 na duara la kilomita 16, ving'ora vinajaribiwa na wananchi wanatangaziwa mapema wasikimbie. Mtu anayesikia king'ora kikijaribiwa kila mwaka na anajua atapita barabara gani, hofu yake siyo sawa na ya mtu ambaye hajaambiwa kitu. Mimi naona kinachotofautisha ni kuambiwa.

#11 Barabara ya Kumi
Sawa tufanye kuambiwa. Chukua hiyo kilomita 16 uiweke hapa kwetu. Mfano tu nasema, mtambo uwe Chongoleani. Duara linameza mji mzima wa Tanga, Sahare, Raskazoni, Ngamiani, bandari, Bombo hospitali yote mle ndani. Barabara za kutokea ni ngapi? Ya Pongwe kwenda Muheza na Segera, ya Horohoro, ya Pangani. Ya Horohoro yenyewe inapita upande huo huo wa mtambo. Lori moja likilala Pongwe foleni inafika wapi wote tunajua. Hamisha watu hapo na mvua za masika.

Injinia nijibu hilo.

#12 Injinia wa Pongwe
Sina ubishi, ndiyo maana eneo la mtambo haliangaliwi maji na ardhi tu, wanaangalia pia idadi ya watu na njia za kutoka. Shirika la kimataifa la atomiki lina mambo 19 ambayo nchi inatakiwa iwe nayo tayari kabla ya kujenga, na mipango ya dharura ni mojawapo, kushirikisha wananchi ni mojawapo, taka nazo ni mojawapo. Chongoleani kwa maoni yangu isingepita kwa hesabu hiyo hiyo uliyopiga.

Na huku kwetu msimamizi wa mambo ya mionzi ni Tume ya Nguvu za Atomiki, iko kwa sheria namba 7 ya 2003. Hao ndio wanaopima mionzi kwenye vyakula vinavyoingia na mashine za eksirei mahospitalini. Kusimamia eksirei na kusimamia kinu cha megawati 1,000 ni vitu viwili tofauti, inahitaji watu wengi waliosomea na miaka.

#13 Chumvi ya Bagamoyo
Naingilia kutoka Bagamoyo. Kuhusu dharura, si wanasema dawa ya mionzi ni ayodini? Ile ile madini joto tunayochanganya kwenye chumvi. Mimi nina mashamba ya chumvi huku, basi watu wa pwani tuna kinga ya kutosha, tule chumvi tu.

#14 Daktari Mkimya
@Chumvi ya Bagamoyo TAFADHALI usiwaambie watu hivyo. Fukushima ilipotokea 2011 Wachina waligombania chumvi madukani mpaka ikaisha, na haikuwasaidia kitu. Kiasi cha ayodini kilichopo kwenye chumvi ni kidogo mno, ungelazimika kula kilo na kilo na ungekufa kwa chumvi yenyewe kwanza. Kidonge cha dharura kina dozi kubwa, kinajaza tezi ya shingoni ili ayodini yenye mionzi ikose pa kukaa. Na kinasaidia kwa ayodini tu, aina nyingine za mionzi hakizigusi. Watoto na wajawazito ndio wa kwanza kupewa.

Uswisi wanagawa vidonge hivyo majumbani mpaka kilomita 50 toka mtambo. Ufaransa ilikuwa kilomita 10 wakaongeza ikawa 20 mwaka 2019. Kwa hiyo hata wenye uzoefu mkubwa hawakubaliani mstari upite wapi.

#15 Mjukuu wa Mto Pangani
Mnabishana kuhusu hofu, mimi nataka kuongelea nyaya.

Nimekulia kijiji kimoja kando ya mto Pangani. Kituo cha umeme cha Hale kimeanza 1964, Pangani mpya ikaja miaka ya tisini, megawati 68. Utotoni mwangu nyaya kubwa zilipita juu ya shamba letu la mahindi, usiku mvua ikinyesha zinavuma ule mvumo wake, na sisi chini tunasoma kwa kibatari. Mama alikuwa anafuta kioo cha kibatari kila jioni na karatasi, masizi yanabaki vidoleni. Umeme unazaliwa pale, unakwenda mjini, sisi tumeachiwa mvumo.

Kwa hiyo mtu akiniambia jamii ya jirani itanufaika namuuliza, waya wa kwanza utashuka kwa nani? Na hao wa Cape Town pamoja na kukaa na nyuklia mlangoni, 2023 kinu kimoja kilikuwa kimezimwa miezi na miezi kubadilishwa mitambo ya mvuke, na mgao ulikuwa mkali nao wakakatiwa kama wengine. Ujirani hauleti umeme, umeme unakwenda kwenye gridi.

#16 Chapa Mkonge
Daah namba 15 umeandika.

#17 Mfanyabiashara Kange
Mimi naona mnasahau ajira. Wakati wa ujenzi ni maelfu ya watu, zege, nondo, mama ntilie, bodaboda, nyumba za kupanga. Nchi ya Afrika inayojenga sasa hivi ni Misri, El Dabaa, vinu vinne megawati 4,800, Warusi wanajenga, zege la kwanza Julai 2022. Fikiria mzunguko wa hela pale.

#18 Shemeji wa Watamu
@Mfanyabiashara Kange umetaja El Dabaa ukaacha nusu ya habari. Januari 2012 wenyeji wa pale, Mabedui, walivamia lile eneo wakavunja ukuta na majengo, wakitaka ardhi yao iliyochukuliwa toka miaka ya themanini. Ilibidi serikali ikae nao chini, 2013 ndio wakaachia. Kwa hiyo hata pale mradi ulikwamia kwenye ardhi na fidia, mionzi haikuwa hoja yao kubwa. Ndio maana nasema Uyombo na El Dabaa ni kesi moja, na Melkbosstrand ni kesi nyingine kabisa, usiziweke kwenye mzani mmoja.

#19 Mwanasheria Mdogo
Nakazia fidia. Kuna mradi mmoja mkubwa (siutaji) ulipita kwa baba yangu mdogo, walihesabu minazi leo, wakalipa baada ya muda mrefu sana, na katikati alikatazwa kupanda zao la kudumu wala kuezeka upya nyumba. Paa linavuja na huruhusiwi kuliziba vizuri. Mtu aliyepitia hapo ukimletea mradi wa pili, hata uwe wa kiwanda cha maandazi, atakataa. Halafu mtaalamu anaandika ripoti kwamba wananchi wana uelewa mdogo wa nyuklia!!

#20 Msomaji wa Kwaminchi
Na mtambo ukifa je? Maana vinu vina umri, kama miaka 40 mpaka 60. Mji wa Zion kule Illinois, Marekani, mtambo wao ulifungwa 1998. Mji ulikuwa unaitegemea kodi ile karibu nusu ya mapato yake, ikakatika, wenye nyumba waliobaki wakapandishiwa kodi. Mtambo wenyewe umeshabomolewa ila mafuta yaliyotumika (yaani urani iliyokwisha kazi, bado ina mionzi) yamebaki pale pale ufukweni mwa Ziwa Michigan ndani ya mapipa makubwa ya zege na chuma, kwa sababu nchi haijapata pa kuyapeleka. Vernon kule Vermont nao mtambo ulizimwa mwisho wa 2014, watu zaidi ya 600 walikuwa wanaajiriwa pale.

Kwa hiyo @Chapa Mkonge hela ipo kweli, lakini inaondoka na taka zinabaki.

#21 Chapa Mkonge
Taka zinabaki ndiyo, lakini Finland wamelitatua. Wilaya moja inaitwa Eurajoki, ina mtambo wa Olkiluoto, na pale pale wamechimba handaki linaitwa Onkalo, zaidi ya mita 400 chini kwenye mwamba, la kuzika mafuta yaliyotumika. Na wenyeji walikubali wenyewe! Halmashauri ilipiga kura 2000 wakasema njooni. Kodi inaingia vizuri mno. Unaona nilivyosema namba 2, ni hela.

#22 Mwana Raskazoni
@Chapa Mkonge umejifunga mwenyewe mkuu. Sheria ya Finland inaipa halmashauri ya mahali haki ya kusema HAPANA, na ikisema hapana imekwisha, serikali kuu haiwezi kulazimisha. Mtu aliye na uwezo wa kukataa akikubali, kukubali kwake kuna maana. Kodi wanazo Wamarekani pia, na bado wameshindwa kupata mahali pa kuzika. Mimi nasema turufu ya kukataa ndiyo iliyofanya kazi.

#23 Chapa Mkonge
Watoe hela uone kama watakubali.

#24 Mzee wa Deep Sea
Wote wawili mko sawa na wote hamjamaliza. Eurajoki walikuwa na mtambo toka mwisho wa miaka ya sabini, wana watoto wao wanafanya kazi mle. Mtu anamwamini mtoto wake akirudi jioni na kusema leo hakuna shida. Huwezi kumwamini mgeni aliyekuja na koti jeupe. Miaka yote ile bandarini hapa nilikuwa namwuliza jirani yangu aliye ndani, simwulizi msemaji. Waajiri vijana wa pale pale katika kazi zenyewe za kuendesha, siyo kufagia na kulinda geti, utaona.

#25 Bi Mwani
Niliuliza toka namba 5 sijajibiwa. Maji.

#26 Injinia wa Pongwe
Dada samahani, mada ilikimbia. Joto la urani ndani ya kinu linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine ya kufua umeme. Mvuke ukishazungusha lazima upoozwe urudi kuwa maji, hapo ndipo bahari inaingia. Maji ya bahari yanapita kwenye mabomba yake, hayakutani na maji ya kinu. Katika joto lote linalozalishwa theluthi moja hivi ndiyo inakuwa umeme, iliyobaki inakwenda baharini. Koeberg kila kinu kinavuta kama tani 40 za maji KWA SEKUNDE, na yanarudi yakiwa yameongezeka joto, kwenye mitambo ya namna hii ongezeko ni nyuzi kama 10 pale yanapotokea, halafu yanapoa kadiri yanavyosambaa.

Cape Town bahari ni ya baridi kali, kwa hiyo wana nafasi. Yetu ni ya moto tayari. Haimaanishi haiwezekani, mtambo wa Barakah kule Emarati (Falme za Kiarabu) uko kwenye Ghuba ambako majira ya joto maji yana joto kuliko yetu, vinu vinne, vinatoa kama robo ya umeme wa nchi. Ila unajenga mabomba makubwa zaidi na kuyatoa mbali.

Ufaransa, pale Gravelines, maji hayo ya moto wanayatumia kufugia samaki. Na Agosti 2025 hapo hapo Gravelines vinu vinne vilizimika kwa sababu yavuyavu waliziba machujio ya maji.

#27 Barabara ya Kumi
Yavuyavu wamezima nyuklia??

#28 Injinia wa Pongwe
Wamezima. Waliingia kwa wingi kwenye ngoma za kuchuja, mtambo ukajizima wenyewe kwa usalama, hakuna mionzi iliyotoka.

#29 Bi Mwani
Nashukuru kaka, sasa nimeelewa. Basi niwaeleze kitu ambacho injinia hawezi kukiona kwenye karatasi. Mwani aina ya kotonii ndio wenye bei, na ndio wenye kudeka. Kaskazi likikaa, jua kali, maji ya kujaa kidogo, mwani unaanza kupauka kwenye vishikizo, unakuwa mweupe na laini kama umechemshwa, ukiushika unakatika kwenye kamba unabaki na vipande mkononi. Shamba zima linaondoka kwa bamvua moja. Hapo joto limeongezeka kidogo tu, siyo nyuzi 10. Wengi wetu tumeshaiacha kotonii tunapanda spinosamu ya bei ndogo, na wenzetu wanahamia maji ya kina ambako mwanamke bila mtumbwi hafiki.

Kwa hiyo hapo mdomoni mwa bomba na jirani yake mwani haupo. Na mimi pale baharini sina hati, sina mnazi wa kuhesabiwa, nina vigingi na kamba. @Mwanasheria Mdogo nieleze, kigingi kinalipwa?

#30 Mwanasheria Mdogo
Bibie umenishika pabaya. Fidia ya ardhi inaangalia ardhi na maendelezo yaliyo juu yake. Baharini ni eneo la umma. Ninachokiona ni kupitia BMU yenu (kikundi cha kusimamia uvuvi na ufukwe), muwe mmeandikishwa kama kikundi, maeneo ya mashamba yachorwe kwenye mpango wa usimamizi na halmashauri iwe na nakala. Bila hivyo tathmini ikifanyika hampo. Wavuvi wa dema na wa kuokota pweza wako kwenye hali hiyo hiyo.

#31 Shemeji wa Watamu
Hapo ndipo Uyombo walipoanzia, kina mama wa mikoko na wavuvi.

#32 Bi Mwani
BMU yetu ipo ila kina mama hatumo kwenye daftari, wameandikwa wenye vyombo tu. Kuna mwenye mfano wa fomu walioitumia Pangani au Bagamoyo kuwaingiza wakulima wa mwani? Kikao chetu ni Ijumaa baada ya swala.

#33 Chumvi ya Bagamoyo
Dada ingia inbox. Huku kwetu kina mama wa Mlingotini wako kwenye kikundi kimeandikishwa, nitamwomba katibu wao nakala leo jioni nikutumie.